Mashine mpya ya kakao imefungwa, kazi imeharibika: utatuzi wa matatizo

Malalamiko yanayofuata uboreshaji wa mitambo ya kakao hufanana sana. Mashine mpya imefungwa, mafundi waliokuja nayo wameshaondoka, na kinachotoka ni kibaya kuliko kilichokuwa kikitoka kwenye mashine kuukuu. Lawama zote anabebeshwa mgeni, yaani mashine mpya. Mara nyingi mgeni hana kosa lolote. Mashine za kakao zinalishana: rosta hukaanga mbegu, mashine ya kuvunja huzipasua, ya kupeta hutoa maganda, kinu husaga, presi hukamua siagi, na inachotoa hii ndicho inachokula ile. Ukibadilisha moja, umebadilisha masharti ya kazi ya zile mbili zilizo jirani nayo, na udhaifu uliokuwa umefichwa na mwendo wa polepole wa zamani unajitokeza. Kwa hiyo katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, swali la kwanza ni lilelile: mashine inayotangulia inaleta nini?

## Kabla ya kushika spana

Unahitaji namba nne: unyevu wa mbegu kabla ya kukaangwa, joto la mbegu zinapotoka kwenye rosta, ampea za kila mota ikiwa na mzigo, na kilo zinazoingia na kutoka kwa saa katika kila hatua. Walioziandika kabla ya kubadilisha mashine wana kazi rahisi, kwa sababu wanalinganisha tu. Wengine waanze kuziandika leo, maana bila hizo kila mtu kiwandani atakuwa na nadharia yake na hakuna atakayeshinda.

Hesabu ya uzito nayo ihifadhiwe kichwani. Kilo 100 za mbegu safi zilizokauka hupoteza maji zikikaangwa, kisha maganda huchukua takribani asilimia 12 hadi 15, na zinabaki chenga, yaani vipande vya kiini cha mbegu, karibu kilo 80. Zaidi ya nusu ya chenga ni siagi. Tukichukua asilimia 54, kilo 80 za rojo, yaani chenga zilizosagwa, zina kilo 43 na kidogo za siagi na karibu kilo 37 za kitu kikavu. Ukikamua hadi mashudu, yaani kinachobaki siagi ikitoka, yabaki na mafuta asilimia 12, utapata mashudu kama kilo 42 na siagi kama kilo 38. Ukiishia kwenye asilimia 22, mashudu yatakuwa kilo 47 na siagi kilo 33 hivi. Kama namba zako zimepungua sana kuliko hizi, kuna mahali kakao inapotea, na mahali hapo si lazima pawe kwenye mashine mpya.

Jambo jingine la mapema: mashine mpya huja na vumbi la chuma, mabaki ya kulehemu na mafuta ya kuzuia kutu. Isafishe, kisha upitishe mzigo wa kutupa, na ukague sumaku ya kunasa chuma baada ya hapo. Mzigo wa kwanza usiuze, hata kama unanukia vizuri.

## Maganda yanabaki kwenye chenga, au chenga zinakimbia na maganda

Hapa kwenye kupeta, pale hewa ya feni inapotenga maganda na chenga baada ya mbegu kuvunjwa, ndipo penye malalamiko mengi kuliko pengine pote, na ndipo hasara inapoingia bila kelele. Chenga zikipeperushwa pamoja na maganda zinaishia kwenye rundo la taka, wala hakuna king'ora kinacholia. Maganda yakibaki, yanakwenda kwenye kinu. Ganda ni gumu na mara nyingi limebeba mchanga, kwa hiyo linakula mawe, gololi na sili, na kuiachia rojo ladha ya mti mkavu.

Pima kwanza, usikisie. Chota gramu 100 kwenye mdomo wa kutokea chenga, chekecha vumbi pembeni kwa kuwa halichambuliki kwa mkono, mwaga zilizobaki kwenye karatasi nyeupe, toa maganda kwa kibano na uyapime. Fanya vivyo hivyo upande wa maganda, ila sasa unatafuta chenga. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa rojo ya kakao kinaruhusu maganda yasiyozidi asilimia 1.75 kwa hesabu isiyojumuisha alkali, au asilimia 5 ya maganda pamoja na vichipukizi kwa hesabu ya kitu kikavu kisicho na mafuta. Kuchambua kwa kibano si kipimo cha maabara, lakini mtu anayepata gramu 4 za maganda kwenye sampuli yake hahitaji maabara kujua ana kazi.

Vipimo hivyo viwili visomwe pamoja. Maganda yakiwa mengi kwenye chenga huku upande wa maganda ukiwa safi, hewa ni ndogo au unalisha kwa wingi mno. Upande wa chenga ukiwa safi huku taka imejaa chenga, hewa ni kubwa. Pande zote mbili zikiwa mbaya, acha kabisa kugusa hewa. Ukiongeza unaharibu huku, ukipunguza unaharibu kule, na unaweza kushinda hapo siku nzima. Hali hiyo ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi baada ya uboreshaji, na chanzo chake hakimo kwenye feni.

Hewa haijui ganda wala chenga. Inachojua ni kipi kinaelea kirahisi na kipi hakielei. Kipande kidogo cha chenga kinainuliwa na mkondo uleule unaoinua ganda pana, ndiyo maana vipande vinatakiwa kuchekechwa katika madaraja ya ukubwa kwanza, kila daraja likapita kwenye mfereji wake wa hewa wenye kasi yake. Mashine ndogo ya zamani yenye mfereji mmoja ilivumilika kwa sababu mbegu zilivunjwa polepole na vipande vilikaribiana ukubwa. Ukafunga mashine ya kuvunja yenye nguvu zaidi, sasa unapata vipande vya kila aina hadi vumbi, na mfereji uleule mmoja hauwezi kuvitenganisha.

Kwa hiyo anzia kwenye kuvunja. Kama ni rola, kagua nafasi kati yake pande zote mbili kwa kipimo cha bapa. Tofauti ya upande mmoja na mwingine inatoa mbegu nzima huku na vumbi kule. Kama ni ya kurusha mbegu zigonge ukuta, punguza mzunguko mpaka uone mbegu chache zinatoka nzima, kisha ongeza kidogo tu. Mbegu chache nzima zinazorudishwa kuvunjwa tena ni hasara ndogo kuliko vumbi. Kisha angalia machekeche. Nyavu zilizozibwa na mafuta ya kakao hufanya madaraja yote yachanganyike, na kosa hilo halionekani kwa jicho lililosimama mbali. Toa wavu, uinue kwenye mwanga.

Nyuma ya kuvunja kuna rosta, na nyuma ya rosta kuna unyevu. Mbegu hukaushwa hadi kiasi cha asilimia 7, na zikizidi 8 zina hatari ya ukungu. Zikiingia kwenye rosta na unyevu mwingi halafu zikakaangwa haraka, ganda linang'ang'ania kiini. Zikikauka kupita kiasi zinasambaratika. Kuna na kosa jingine ambalo rosta mpya yenye kasi huleta: mbegu zinafika kwenye kuvunjwa zikiwa bado za moto. Siagi ndani yake bado ni kimiminika, hivyo kiini kinapondeka badala ya kukatika na kupaka mafuta kwenye nyavu. Shika mbegu kiganjani kabla haijaingia. Kama unahisi joto, kipoozeo chako kimezidiwa na rosta.

Ukishamaliza hayo yote, ndipo urudi kwenye feni. Mafundi wengi hubadilisha puli bila kufanya hesabu. Kiasi cha hewa hupanda sambamba na mzunguko, shinikizo hupanda kwa mraba wake, na nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wake. Puli ya mota ya milimita 150 ikibadilishwa kuwa ya 180, hewa inaongezeka kwa asilimia 20, lakini mota inabeba mzigo mara 1.73 ya ule wa awali. Mota iliyokuwa imetulia inaanza kuungua, na watu wanasema ni feki.

Kuna mtego mmoja wa feni hizi za kuzungusha hewa ndani ya kasha la konokono. Fundi wa umeme akikosea mpangilio wa fezi, feni inazunguka kinyume, lakini hewa bado inatoka upande uleule, ila ni hafifu. Hakuna anayeshuku, kwa kuwa ukiweka mkono unahisi upepo. Tazama mshale kwenye kasha, washa na uzime mara moja, uone shafti inazungukia wapi. Ikiwa kinyume, zima umeme kwenye swichi kuu, badilisha waya wa fezi mbili, basi.

Mwisho katika hatua hii, ulishaji. Rosta ya mzigo wa kilo 100 inayotumia dakika 30 kukaanga na 10 kupakia na kupakua inatoa kilo 150 kwa saa, tena kwa mafungu. Mashine ya kupeta ya kilo 300 kwa saa ikilishwa moja kwa moja kutoka hapo, inajaa dakika chache kisha inakaa na tabaka jembamba ambalo hewa inalipeperusha lote. Weka hopa ya kati yenye mlango unaoachia kwa kipimo. Kifaa hicho ni cha bei rahisi kuliko vyote kwenye mstari, nacho hakimo kwenye orodha ya watu wengi wanaonunua mitambo.

## Kontrola inaonyesha joto sahihi, mbegu zimeungua

Usiguse moto. Kagua sensa.

Rosta inapopewa kontrola mpya, yaani kifaa kinachosoma sensa na kuongoza moto, sensa ya zamani mara nyingi huachwa palepale. Sensa za waya mbili ni za aina tofauti, na kontrola lazima iambiwe ni ipi. Sensa ya aina ya K ikiwa kwenye joto halisi la 140°C, kontrola iliyowekwa kusoma aina ya J itaonyesha karibu 115°C. Itaendelea kudai moto, na mbegu zitateketea huku namba ikionekana ya upole kabisa. Ukikosea kinyume chake, sensa ya J kwenye mpangilio wa K, 140 halisi inasomeka kama 175, moto unakatwa mapema, na mbegu zinatoka mbichi katikati. Namna ya kuthibitisha ni rahisi: tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji yanayochemka. Karibu na usawa wa bahari isomeke kama 100°C, na pungufu kidogo kadiri unavyopanda milimani. Ikisoma karibu 85 au 120, umepata jibu.

Namba ikishuka pale unapopasha moto, waya zimegeuzwa. Namba ikirukaruka mara tu mota fulani inapowashwa, hasa mota yenye inverta (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota), waya wa sensa umepitishwa pamoja na nyaya za nguvu. Utenganishe, tumia waya wenye gamba la chuma, na gamba hilo liunganishwe na athi upande mmoja tu. Waya wa kurefushia nao uwe wa aina ileile ya sensa. Ukiunga kwa waya wa kawaida wa shaba, kosa litapanda na kushuka kufuatana na joto la chumba.

Sensa ikiwa nzima, angalia ilipo. Pipa kubwa linalopakiwa nusu linaacha ncha ya sensa hewani, na hewa ya ndani ya rosta ni ya moto kuliko mbegu. Hapo kontrola inapunguza moto kabla ya wakati. Joto la kukaangia kakao, likipimwa kwenye mbegu zenyewe, huwa kati ya 110 na 150°C kutegemea mbegu na ladha inayotafutwa, na mbegu ndogo huiva mapema kuliko kubwa. Kwa hiyo kama mzigo mmoja una mbegu zilizoungua na mbichi kwa pamoja, usilaumu rosta kabla ya kuangalia kama zilichambuliwa kwa ukubwa.

Mbegu zikitoka sawa lakini baada ya dakika kumi zikawa zimekolea zaidi, kukaanga kumeendelea kwenye beseni la kupoozea. Zinatoka zikiwa na joto lao, na rosta mpya inatoa nyingi kwa wakati mmoja. Feni ya beseni ibadilishwe, au mbegu zitolewe nyuzi chache kabla ya lengo. Mimi ningechagua feni, kwa sababu lile jingine linamtegemea mwendeshaji aliye makini kila zamu.

Na bomba la moshi lisafishwe mara nyingi kuliko ulivyozoea. Rosta yenye mkondo mkubwa wa hewa inavuta vipande vya maganda vingi zaidi, vinajikusanya kwenye saikloni (pipa la kutenga vumbi na hewa) na kwenye viwiko vya bomba, na hapo cheche moja inatosha.

Tahadhari moja ya usafi inaingia hapa. Kukaanga ndiyo hatua inayoua bakteria kama Salmonella waliokuja na mbegu. Ukihamisha mashine ili kupata nafasi, usije ukaweka upande wa kupokea mbegu mbichi mahali ambapo vumbi lake linavutwa kuelekea chenga zilizokwisha kukaangwa.

## Rojo ni nzito, kinu kinapata moto, au vyote viwili

Kuna sababu tatu, na zinapimika kwa mpangilio huu: joto, maji, ukubwa wa punje.

Siagi ya kakao huyeyuka karibu na 34 hadi 36°C, na chini ya 40 rojo haiendi vizuri. Kinu kikubwa kipya kinachoanza na chuma baridi kitakwama dakika za mwanzo hata kama hakina kasoro yoyote. Pitisha maji ya moto kwenye jaketi, yaani ukuta wa pili unaozunguka kinu, kabla ya kulisha.

Maji ndiyo adui anayesahaulika. Rojo yenye maji kidogo tu zaidi ya kawaida inakuwa nzito ghafla, kama udongo wa kufinyangia. Chanzo cha kwanza ni chenga zenye unyevu, yaani rosta inatoa mbegu haraka mno. Chanzo cha pili ni mvuke usiopata pa kutokea: kinu cha zamani kilikuwa wazi, kipya kimefunikwa vizuri na mvuke unarudi kwenye rojo. Cha tatu, nacho ndicho cha kuogopa, ni jaketi inayovuja ndani. Funga maji ya kupoozea, yatoe yote, jaza hewa ya shinikizo dogo lisilovuka kiwango cha jaketi, na uitazame geji. Ikishuka wakati viungio vya nje havina povu la sabuni linalochemka, kuna tundu ndani. Ili kujua kiasi cha maji, pima gramu 10 za rojo kwenye kikopo cha bati, weka kwenye tanuri la 103°C mpaka uzito uache kushuka, upime tena.

Ukubwa wa punje ndio hugombanisha watu na kinu kipya cha gololi. Kinu hiki hakipendi chenga nzima, kinataka zilizokwisha kusagwa awali na kinu cha pini au cha mawe. Ukikilisha chenga, kinatumia umeme mwingi, kinapata moto, na punje zinatoka za ukubwa mchanganyiko. Ulimi wa binadamu huanza kuhisi mchanga punje zikizidi maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo sababu watengeneza chokoleti hulenga kati ya 15 na 25. Rojo ya kukamuliwa haina haja ya kufika huko. Tumia maikromita na tone la rojo lililochanganywa na mafuta, pima sehemu kadhaa, chukua kipimo kikubwa kabisa, maana hicho ndicho ulimi utakachohisi.

Kinu kilichofanya kazi vizuri kwa miezi kisha kikaanza kutoa punje kubwa kwa muda uleule kina gololi zilizolika. Zipime kwa uzito. Zilizopungua ukubwa zichekechwe na kuongezwa mpya, na sumaku ya mbele iangaliwe kila zamu, kwa sababu chuma kilichopungua kwenye gololi kimeingia kwenye rojo. Chuma na shaba huharakisha siagi kuchacha, kwa hiyo viungio vya shaba nyekundu au njano visiguse rojo hata kama ndivyo vilivyopatikana haraka.

Mabomba: kama rojo inapita asubuhi na kukwama baada ya mapumziko ya mchana, bomba lina kipande kisicho na jaketi. Kipande hicho huwa kwenye valvu au kiwiko kipya. Usilazimishe pampu ya gia isukume rojo iliyoganda. Itapasua sili au shafti.

## Presi: geji inapanda, siagi haitoki

Geji ya presi husoma shinikizo la mafuta ya haidroliki. Shinikizo linaloikamua rojo ni jambo jingine, na linategemea uwiano wa eneo la pistoni na eneo la chungu kinachobeba rojo. Pistoni ya kipenyo cha milimita 200 ikisukuma chungu cha 300, geji ikisoma baa 300, rojo inapata kama 133 tu. Pistoni ikiwa ya 250, geji ileile ya 300 inatoa zaidi ya 208. Kwa hiyo mtu anayehamisha mpangilio wa presi ya zamani kwenda mpya kwa kunakili namba ya geji hajanakili chochote. Presi kubwa za viwandani hufikisha mamia ya baa kwenye rojo yenyewe, na presi ndogo ya kuendeshwa kwa mkono haitatoa mashudu ya asilimia 12 hata ukiisubiri mpaka kesho.

Shinikizo likiwa sahihi na siagi bado haitoki, pima joto la rojo ndani ya chungu, usipime la tangi. Inatakiwa ikaribie 90 hadi 100°C, na chungu baridi cha chuma kinene kinapora joto hilo kwa dakika chache. Kisha fikiria usagaji. Rojo iliyosagwa laini mno, kwa ule uchu wa kutumia kinu kipya hadi mwisho, inaziba nyavu. Iliyo na punje kubwa inabakiza siagi ndani ya seli zisizopasuka. Siagi ikitoka nyeusi na chafu, wavu umetoboka au haukukaa sawa kwenye kiti chake. Rojo ikichuruzika pembeni mwa chungu mwanzoni kabisa, umepandisha shinikizo haraka. Iache tabaka la kwanza lijijenge kwenye wavu kwa shinikizo dogo, ndipo uongeze.

Geji ikipanda kisha ikashuka yenyewe pampu ikiwa imezimwa, usitafute kwenye kakao. Ni sili ya pistoni au valvu inayorudisha mafuta. Na mafuta ya haidroliki yanayovuja juu ya chungu cha chakula ni sababu ya kusimamisha kazi saa hiyohiyo.

## Breka inaruka

Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 8 ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache. Kiwanda kilichoongeza mashine tatu bila kugusa nyaya kitaona breka ikiruka asubuhi tu, wakati kila mtu anawasha kwa pamoja. Washa kwa zamu, kubwa kwanza. Ukipima volti kwenye sanduku la mota, si kwenye swichi kuu, wakati inapoanza, utajua kama waya ni mwembamba au mrefu mno.

Mota inayovuma bila kuzunguka imekosa fezi moja. Zima haraka. Mota yenye inverta inayopata moto ikiwa kwenye mwendo wa polepole haijaharibika: feni yake ya nyuma imefungwa kwenye shafti ileile, hivyo mwendo ukipungua na upoozaji unapungua. Ifungie feni ya pembeni yenye umeme wake, au badilisha uwiano wa puli ili mota ikimbie na mashine iende taratibu. Ovalodi, yaani kinga ya mota dhidi ya mzigo uliozidi, isiongezwe ili tu breka iache kuruka. Anayefanya hivyo ameamua kununua mota.

## Unga una mabonge na rangi ya kijivu

Wengi hukimbilia kubadilisha wavu wa kinu cha mashudu. Chanzo karibu kila mara ni upoozaji. Mashudu yana mafuta asilimia 10 hadi 22, na kinu cha nyundo au cha pini kinapoyasaga kinayapasha mpaka siagi inayeyuka. Unga ukifungwa kwenye mifuko ukiwa na joto, siagi inagandia humohumo kwa namna isiyo na mpangilio, inashikanisha punje, na rangi inapauka. Kinu kipya chenye uwezo mara mbili kinazalisha joto zaidi, huku kipoozeo kikiwa kilekile.

Chomeka kipimajoto katikati ya mfuko uliofungwa sasa hivi, kisha tena baada ya saa moja. Joto likipanda badala ya kushuka, siagi inaendelea kuganda ndani na kutoa joto lake, yaani upoozaji uliishia njiani. Poza mashudu kabla ya kuyavunja, poza hewa inayobeba unga, na hakikisha hewa hiyo imekauka. Hewa baridi yenye unyevu itakuletea mabonge ya aina nyingine, yale yanayoota ukungu.

Kinu cha mashudu kinachokwama na kutoa harufu ya kuungua kisimamishwe bila mjadala. Unga wa kakao ukitanda hewani unaweza kulipuka, na uwezo mkubwa wa mashine mpya una maana ya vumbi zaidi kwenye mabomba, kwenye mihimili ya paa na juu ya taa. Kila kipande cha bomba la chuma kiunganishwe na athi, pamoja na vile vilivyotenganishwa na gasketi za mpira, maana hapo ndipo umeme tuli unapojikusanya. Sumaku iwekwe kabla ya kinu ili nati iliyolegea isipige cheche ndani. Chujio la vumbi liwe na mlango wa kuachia mlipuko unaoelekea nje, mahali ambapo watu hawapiti. Vumbi lililotua lifyonzwe kwa mashine inayoruhusiwa kwa vumbi linalowaka, lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa kulipuliza ni kulirudisha hewani.

Kama mabonge yanabaki hata baada ya kupoza vizuri, rudi kwenye presi upime mafuta ya mashudu. Kinu na kipoozeo vilivyopangwa kwa mashudu ya asilimia 12 havitamudu ya asilimia 22 kwa mwendo uleule. Punguza ulishaji kwanza, uone kama mabonge yanapungua, kabla ya kuagiza kifaa kingine.